Siku ya ufukweni Cozumel: zamu ya kuangalia maji ni ya nani?

Meli ya kitalii inapofunga kamba gatini Cozumel, watoto huwa wameshaamka zamani. Saa moja asubuhi wako dirishani wamevaa nguo za kuogelea, wanauliza kwa mara ya tano wanashuka lini. Baba anatafuta kadi za kabini. Mama anahesabu nepi, taulo, kofia na chupa za maji. Nje bahari ni ya samawati na imetulia kama maji kwenye sahani, na meli nyingine mbili tatu zimefunga jirani.

Cozumel ni kisiwa cha Mexico, urefu wake karibu kilomita 48, kando ya rasi ya Yucatán. Ni miongoni mwa bandari zinazopokea meli nyingi zaidi za kitalii duniani, na abiria wake kwa mwaka huhesabiwa kwa mamilioni. Safari za kifamilia kuja hapa si jambo la jana. Kabla Wahispania hawajafika katika karne ya 16, wanawake wa Kimaya walikuwa wakivuka kutoka bara kwa mitumbwi kuja kumwomba Ixchel, mungu wao wa kike wa uzazi. Magofu ya San Gervasio, ndani ya kisiwa, bado yapo. Lakini wageni wa leo wana saa saba au nane tu za kukaa nchi kavu, na wengi wenye watoto hawaendi kwenye magofu. Wanakwenda kwenye klabu ya ufukweni.

Klabu hizi zimejipanga upande wa magharibi wa kisiwa, kusini mwa magati, mwendo mfupi kwa teksi. Mgeni hulipa kiingilio, hufungwa utepe mkononi, na tangu hapo kitanda cha kujilaza, mwavuli wa makuti, bwawa la kuogelea, choo safi na bomba la kuoga chumvi ni vyake mpaka aondoke. Kwenye klabu zinazouza siku nzima kwa bei moja, chakula na vinywaji havihesabiwi tena: taco, samaki wa kukaanga, chipsi, parachichi lililopondwa na ndimu na pilipili, juisi za watoto, na pombe kwa wakubwa wanaokunywa. Bei ni makumi ya dola kwa mtu mzima, watoto hulipa pungufu, na wachanga kwa kawaida huingia bure. Ni vema kulipia nafasi kabla ya safari, maana siku yenye meli nyingi klabu hujaa mapema.

Wapo wanaozidharau klabu hizi. Husema kusafiri umbali wote huo ili kulala kitandani kando ya bwawa ni uvivu. Hao aghalabu hawana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mwenye mtoto wa umri huo anajua thamani ya choo kilicho hatua thelathini kutoka kitandani, kivuli kisichohama na sahani ya chipsi inayofika kabla kilio hakijaanza.

Chukua familia ya Kitanzania inayoishi Houston, Texas. Bandari ya Galveston, zinakoanzia meli nyingi za kwenda Cozumel, iko mwendo wa saa moja kwa gari. Safarini wako sita: baba, mama, binti wa miaka kumi na mmoja, mvulana wa miaka sita, mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu, na bibi aliyekuja kutoka Moshi kuwatembelea. Makaratasi wameyamaliza mapema. Mexico haimdai viza mwenye viza hai ya Marekani wala mwenye ukaazi wa kudumu wa huko. Hata hivyo, kampuni za meli humtaka mgeni kama bibi awe na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa akikanyaga Mexico ametoka Marekani na itabidi aingie upya. Hilo huulizwa kabla ya kulipa nauli, si siku ya kupanda.

Saa tatu na nusu wanafika klabuni. Taulo zinatandazwa, viatu vinatupwa, binti anakimbilia majini, kaka yake nyuma. Baba anapiga picha na kuzituma kwenye kundi la ukoo. Mama anampaka mdogo mafuta ya kukinga jua. Bibi anajifunga khanga yake vizuri, anakaa na kusema, “Nendeni mkapumzike, wanangu. Mimi nipo, nitawaangalia.” Mhudumu anakuja na orodha ya vinywaji.

Hapo ndipo pa kusimama. Watu wazima ni watatu na watoto ni watatu, na kwa hesabu ya nyumbani kila mtoto ana mtu wake. Kwa hesabu ya ufukweni, dakika hiyo hakuna anayeangalia maji. Baba anadhani mama anawaona, mama anadhani baba amewafuata, na wote wawili wamemsikia bibi akisema yupo. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ufukweni shida huwa ni kinyume chake: kila mmoja anaamini usukani umeshikwa na mwingine.

Na maji hayapigi hodi. Wengi hudhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono kama kwenye filamu. Frank Pia, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi ya kuokoa waogeleaji, aliwachunguza watu wanaozama na kueleza jambo tofauti kabisa. Anayezama kwa kawaida haiti. Mdomo wake unazama na kuibuka juu ya maji, na kila ukiibuka anawahi kuvuta pumzi tu. Mikono haipungi, bali inasukuma maji chini pembeni mwa mwili, kama mtu anayejaribu kupanda ngazi isiyokuwepo. Mwili umesimama wima. Hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60, kisha mtu anakwenda chini. Kwa aliye kitandani, mtoto huyo anaonekana kama anacheza kimya kimya.

Sekunde 20 ni muda wa kusoma ujumbe mmoja wa kundi la ukoo na kujibu “Amina”.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huko Marekani, inakoishi familia hii, kuzama ndicho kisababishi cha kwanza cha vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4. Wala bwawa la kina kifupi lisimpumbaze mzazi. Mtoto mdogo huzama kwenye maji yanayomfika baba yake magotini.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: zamu. Mtu mmoja, kwa jina, kwa muda unaojulikana. Dakika 15 au 20 zinatosha, kwani jicho likikaa muda mrefu juani huchoka na kuanza kuangalia bila kuona. Mwenye zamu anavaa kitu kinachomtambulisha, tuseme kofia nyekundu. Simu yake inaingia kwenye begi. Hasomi, hasinzii, hapigi soga na jirani wa kitanda cha pili. Zamu ikiisha, kofia inahama kichwa kwa kichwa na kwa maneno: “Nimekukabidhi, wawili wako bwawani.” “Nimewaona, nimepokea.” Bila jibu hilo, kofia haijahama. Akibanwa na haja katikati ya zamu, anamwita mwenzake kwanza ndipo anaondoka.

Pombe ya bei moja ina mtego wake. Kwa sababu imeshalipiwa, mtu anaona asipokunywa amepata hasara. Mwenye kofia hanywi, na atakayeivaa baada yake hanywi pia, kwa kuwa glasi ya saa tano bado iko kichwani saa tano na nusu. Wazazi wote wawili wakitaka kunywa, watoto watoke majini wakati huo. Kuna mchanga wa kuchezea, kuna chakula cha mchana.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kofia haitoshi. Huyo anahitaji mtu mzima aliye naye ndani ya maji, umbali wa mkono, anayeweza kumkamata bila kupiga hatua. Yale maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vitu vya kuchezea, huchomoka, hupasuka. Jaketi la kuokoa maisha linalomfaa kwa uzito wake ndilo la kutegemea, na hata hilo halimwondoi mtu pembeni yake. Klabu nyingi za Cozumel zina pia michezo mikubwa ya mpira inayoelea baharini, ya kupanda na kuteleza. Watoto wa miaka sita huipenda kuliko kitu chochote kisiwani. Huko jaketi ni lazima, na mtu mzima anayejua kuogelea aingie naye, kwa sababu mtoto akiteleza chini ya mpira hakuna anayemwona kutoka ufukweni.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilifikirii: mvulana akiwa bwawani na binti akiwa baharini, kofia moja haitoshi. Ama watu wazima wawili washike zamu kwa pamoja, ama watoto wote wakae kwenye maji ya aina moja kwa wakati mmoja. Binti wa miaka kumi na mmoja atalalamika. Alalamike tu.

Sasa, bibi. Si rahisi kumwambia mama mzazi kwamba hawezi kuangalia wajukuu. Amelea watoto wake karibu na mifongo ya maji ya Wachaga mlimani, hakuna aliyezama. Lakini hajui kuogelea, na akimwona mjukuu akienda chini atakachoweza ni kuita, au kuingia mwenyewe, na hapo wa kuokolewa watakuwa wawili. Neno la heshima lipo. “Mama, tunakuomba utushikie huyu mdogo hapa kivulini. Majini tutapokezana sisi.” Hiyo ni kazi ya kweli, tena nzito. Mdogo akiwa mikononi mwa bibi chini ya makuti, wazazi wamebaki na wawili wa kuangalia badala ya watatu.

Zamu ina faida nyingine isiyohusu maji. Katika nyumba nyingi likizo ya familia humaanisha likizo ya baba. Mama huhamisha tu kazi zake kutoka jikoni kwenda mchangani: kupaka mafuta, kukamua nguo mbichi, kumpeleka huyu chooni, kumlisha yule, na katikati ya hayo yote macho yake hayatoki majini kwa sababu hajui kama kuna mwingine anayeangalia. Jioni anarudi melini amechoka kuliko alivyoshuka. Kofia ikiwa kichwani kwa baba, na baba akiwa ameipokea kwa maneno, mama anaweza kufumba macho dakika 20 bila kujilaumu. Baba watoto asisubiri kuombwa. Achukue zamu ya kwanza, ile ya asubuhi watoto wakiwa na nguvu zote, na achukue ya baada ya chakula, ambayo usingizi humtamani kila mtu.

Waokoaji je? Baadhi ya klabu wanao, nyingine hazina, na anayeonekana amesimama kando ya bwawa huenda ni mhudumu wa taulo. Muulize mtu wa mapokezi mara unapofungwa utepe. Hata mwokoaji akiwapo, ana vichwa vingi mbele yake. Angalia pia bendera. Mexico hutumia ya kijani kwa bahari tulivu, njano kwa tahadhari, nyekundu kwa hatari, na nyeusi ikimaanisha usiingie kabisa. Upande wa magharibi maji kwa kawaida ni matulivu, ndiyo maana klabu ziko huko. Pwani ya mashariki ni nzuri kwa macho na picha, lakini ina mawimbi na mikondo mikali. Si ya watoto kuogelea.

Kuna vitu vidogo vinavyosaidia sana, na vyote hufanyika kabla ya kutoka kabini. Nguo za kuogelea za watoto ziwe za rangi kali kama chungwa au waridi linalowaka. Samawati na nyeupe hupotea zikiwa chini ya maji. Piga picha ya kila mtoto asubuhi akiwa amevaa vile atakavyoshinda. Ndani ya utepe wa mkononi andika namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Kubalianeni pa kukutania, na pasiwe “pale baa”, maana baa ni nyingi. Dawati la mapokezi linafaa zaidi. Na mtoto akipotea machoni, pa kwanza kutafuta ni majini. Chooni na kwenye aiskrimu ni baadaye.

Kuhusu jua, ngozi nyeusi nayo huungua, ingawa wengi hukana mpaka usiku wanaposhindwa kulalia mabega. Shati la kuogelea la mikono mirefu hufanya kazi kubwa kuliko chupa nzima ya mafuta, na halichafui matumbawe. Miamba ya upande huu wa kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1996, na waongozaji wengi wa kuzamia huwaomba wageni wasijipake kitu kabla ya kuingia majini.

Baada ya maji, kinachozitesa familia Cozumel ni saa. Jimbo la Quintana Roo, kilimo kisiwa hiki, liliacha kubadilisha saa mwaka 2015. Marekani bado hubadilisha. Kwa hiyo meli iliyotoka Miami mwezi Julai, ikiwa haikurekebisha saa zake, iko mbele ya kisiwa kwa saa nzima. Simu ikishika mtandao wa Mexico inajirudisha nyuma yenyewe. Mzazi anaangalia simu kitandani, anaona saa nane na nusu mchana, anaagiza sahani nyingine. Melini ni saa tisa na nusu, na mlango unakaribia kufungwa. Waliotoka Galveston wakati wa baridi hukutana na kinyume chake: simu inakwenda mbele ya meli, wanakimbia bure. Meli nyingine hufuata saa ya kisiwa, nyingine hubaki na yake, kwa hiyo muulize mfanyakazi wa meli mlangoni unaposhuka. Saa ya mkononi isiyojua mtandao, iliyowekwa sawa na saa ya meli, inafaa kuliko simu zote za familia. Kama bibi anayo, yeye ndiye awe mtunza saa.

Muda wa kurudi ni ule wa abiria wote kuwa ndani. Meli kung'oa nanga ni baadaye, na wengi huchanganya hayo mawili. Familia ya watu sita wenye mchanga miguuni ianze kukusanya vitu saa moja na nusu kabla, kwa kuwa mlangoni kutakuwa na foleni ya teksi na kila mtu atakuwa ameamka kwa wakati mmoja. Teksi za hapa zina bei zilizopangwa. Uliza kabla ya kupanda kama ni ya gari zima na kwa watu wangapi. Mtajie dereva jina la meli na la gati, kwani magati ni matatu: Punta Langosta liko mjini, mengine mawili yako kusini mwake. Aliyenunua ziara kupitia meli kwa kawaida husubiriwa. Aliyejipeleka mwenyewe, meli ikiondoka, atajitafutia njia na nauli hadi bandari inayofuata. Picha za pasipoti zote na namba ya wakala wa meli bandarini, inayochapishwa kwenye ratiba ya siku, ziwe kwenye simu ya mtu mmoja angalau.

Liko jambo la kumalizia Houston. Huko Marekani, watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 huzama kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko wenzao weupe. Kwa miongo mingi watu weusi walifungiwa nje ya mabwawa ya umma, na mzazi asiyejua kuogelea mara nyingi hulea asiyejua. Mzazi aliyekulia Moshi, Iringa au Kericho, mbali na bahari, anaingia kwenye mkumbo huohuo kwa njia yake. Watoto wakipelekwa kwenye mafunzo kila Jumamosi, yeye hukaa pembeni na begi. Mabwawa mengi ya miji na ya YMCA hufundisha watu wazima pia, kuanzia kina cha kifua. Mama anayeona haya kuvaa nguo ya kuogelea mbele ya wanaume aulize kama kuna saa za wanawake peke yao. Baadhi ya mabwawa wanazo, na mengi huruhusu vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima. Baba anayesema ameshazeeka kujifunza, wa miaka sita amfundishe kupuliza mapovu.